Mbwa Anayenajisi Ndani ya Nyumba: Kuitoharisha Nyumba na Kumfundisha Mnyama

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Aliyeumba kila kiumbe na Akakijaalia maumbile yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara baada ya darasa za tohara ni hili la mbwa wa ulinzi anayeingia ndani na kukojoa au kwenda haja kubwa sebuleni, ukumbini au juu ya busati. Waislamu wengi wa miji yetu hufuga mbwa kwa kuchelea wezi. Mbwa huyo huletwa angali mdogo, mvua ikinyesha huingizwa ndani kwa kuhurumiwa, na muda si mrefu nyumba huanza kunuka. Asubuhi mama wa nyumba anakuta kinyesi mlangoni, jioni watoto wanakanyaga mkojo wakielekea kutia udhu.

Watu wanapofikwa na jambo hili hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hulichukulia wepesi: hupitisha kitambaa chenye maji, likaona pamekauka, likatandika mswala na kusali. Kundi la pili hushika fimbo: mbwa hupigwa, husuguliwa pua yake katika mkojo, na mwisho hutiwa ndani ya gunia akaenda kutupwa mbali. Kundi la kwanza limeharibu sala, na la pili limedhulumu kiumbe, tena, kama tutakavyobainisha, limeizidishia nyumba yake najisi. Katika makala haya tutaeleza hukumu ya tohara na pia njia ya kumfundisha mbwa, kwa kuwa mambo mawili haya hayatengani. Nyumba haitatoharika kwa kuoshwa kila siku ikiwa anayeinajisi hajafundishwa.

NANI ANARUHUSIWA KUFUGA, NA MBWA AKAE WAPI?

Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa mwenye kufuga mbwa, isipokuwa wa mifugo au wa kuwinda, hupungukiwa kila siku na qirati mbili za thawabu zake. Katika riwaya ya Abu Huraira (r.a.) imetajwa qirati moja, na ameongezwa mbwa wa shamba. Ama mbwa wa kulinda nyumba hakutajwa kwa jina lake. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu, kwa kukisia na hao watatu, kwani sababu ni moja, nayo ni haja.

Ruhusa hiyo ya ulinzi haimfanyi mbwa kuwa mkazi wa sebuleni. Imethibiti katika hadithi ya Abu Talha (r.a.) kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Na katika Sahihi Muslim, Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa Jibril (a.s.) alimwahidi Mtume (s.a.w.) kumjia saa maalumu, saa ikafika asije, kisha akaonekana mtoto wa mbwa chini ya kitanda. Mtume (s.a.w.) akamuuliza Bibi Aisha mbwa huyo ameingia lini, naye akaapa kuwa hajui. Akaamrishwa atolewe, akatolewa. Katika riwaya ya Bibi Maimuna (r.a.) imo ziada yenye faida kwa mlango wetu: kwamba Mtume (s.a.w.) alichukua maji kwa mkono wake akapanyunyizia mahali alipokuwa mbwa yule. Wanazuoni wanaosema kuwa mbwa ni najisi wamefasiri kuwa muradi wa kunyunyiza huko ni kuosha. Na ijapokuwa baada ya tukio hilo ilikuja amri ya kuua mbwa, amri hiyo ilikatazwa baadaye, kama alivyopokea Jabir (r.a.) katika Muslim.

Basi mbwa akae wapi? Qur'ani imetupa mfano mwema. Katika Suratul Kahf, aya ya 18, Allah (S.W.) Ametutajia mbwa wa vijana wa pangoni, akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Ibn Kathir ameeleza kuwa mbwa yule alijilaza mlangoni kwa desturi ya mbwa ya kulinda, na kwamba kukaa kwake nje ya mlango ni kwa sababu hiyohiyo ya Malaika. Mbwa yule alikuwa sahibu wa watu wema, hata akatajwa ndani ya Kitabu, lakini mahali pake palikuwa kizingitini. Kwa hivyo hatua ya mwanzo ya kutibu tatizo hili ni kumjengea mbwa banda uani, lenye paa la kumkinga mvua na jua, lililoinuliwa kidogo ili maji yasituame. Anayemkosesha mbwa banda kisha akalalamika kuwa anaingia ndani, na ajilaumu mwenyewe.

HUKUMU YA MKOJO NA KINYESI CHAKE

Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya mbwa mwenyewe. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, mbwa ni najisi nzito (mughalladha) mzima wake: mate, jasho, nywele na vyote vimtokavyo. Mahanafi wanasema mate yake ni najisi lakini mwili wake si najisi. Wafuasi wa Imam Malik wanasema mbwa aliye hai ni tohara, na kwamba kuosha chombo alichokilamba ni amri ya ibada.

Wako wanaoisikia kauli ya Imam Malik wakaitumia mahali pasipo pake. Hitilafu hiyo haihusu mkojo na kinyesi. Madhehebu yote manne yamekubaliana kuwa mkojo na kinyesi cha mbwa ni najisi. Kwa hiyo hakuna madhehebu yatakayompa mtu ruhusa ya kusali juu ya mahali palipokojolewa na mbwa pakiwa bado na najisi yake.

Wengine hutoa hoja ya hadithi ya Ibn Umar (r.a.) kwamba mbwa walikuwa wakiingia na kutoka msikitini zama za Mtume (s.a.w.), na watu hawakuwa wakinyunyiza maji. Hadithi hiyo iko katika Bukhari, na riwaya ya Abu Daud imetaja pia kukojoa. Mahanafi wameichukua kuwa dalili kwamba ardhi ikikauka na athari ya najisi ikaondoka, hutoharika. Jamhuri hawakuifahamu hivyo. Khattabi (aliyefariki mwaka 388 Hijria) ameifasiri kuwa mbwa hao walikuwa wakikojoa huko nje kwenye mahali pao, kisha ndipo wakipita msikitini. Na hata kwa wanaokubali kutoharika kwa kukauka, maneno yao ni juu ya ardhi. Busati, godoro na nguo havimo.

NAMNA YA KUTOHARISHA

Asili ya hukumu ni hadithi ya Abu Huraira (r.a.) katika Muslim, kwamba chombo alichokilamba mbwa hutoharika kwa kuoshwa mara 7, ya kwanza kwa udongo. Wanazuoni wa Kishafii wameupa mkojo, kinyesi na jasho hukumu hiyohiyo. Ni haki ya elimu pia tutaje kuwa Imam Nawawi katika Al-Majmuu amenakili kauli ya pekee ndani ya madhehebu, kwamba kisichokuwa kulamba huoshwa mara moja kama najisi nyingine, na akasema kauli hiyo ina nguvu kwa upande wa dalili. Lakini yanayotegemewa katika madhehebu ni mara 7, na hayo ndiyo tunayoyasherehesha hapa.

Kwanza, ondoa 'ain ya najisi, yaani kitu chenyewe. Kinyesi kikusanywe kwa karatasi au kijiti. Mkojo ukaushwe kwa tambara linalotupwa. Usipanguse kwa kuzungusha, kwani unaitandaza najisi.

Pili, mimina maji juu ya mahali penye najisi. Hapa wengi hukosea. Huchukua ndoo moja na kitambaa, wakakichovya, wakapangusa, wakakichovya tena. Maji machache yakiingiliwa na najisi hunajisika, na tokea mchovyo wa pili mtu huyo anapaka najisi sakafu nzima. Maji ndiyo yaiendee najisi, isiwe najisi inayapelekewa ndani ya ndoo.

Tatu, fahamu kuwa maosho yote yaliyohitajika mpaka 'ain ikaondoka huhesabiwa kuwa osho moja, hata yakiwa matatu au manne. Baada ya hapo yanabaki 6.

Nne, udongo uwe tohara, na uwe mwingi wa kuyatia maji utusitusi na kufika kila sehemu iliyopatwa. Njia nyepesi ni kuuvuruga ndani ya maji kisha kuyamimina. Sabuni haishiki mahali pa udongo kwa kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu yetu, ingawa wako wanazuoni, wakiwemo Mahanbali, walioiruhusu. Ni bora udongo utangulizwe, na faida yake ni hii: maji yakikurukia nguoni kutoka osho la kwanza, utapaosha mara 6 zilizobaki, na ikiwa udongo haujatumika itakulazimu kuutumia hapo pia. Ukishautumia mwanzo, umejipunguzia mashaka.

Tano, sakafu ya udongo haihitaji kuongezwa udongo, bali humiminiwa maji mara 7. Sakafu ya saruji na ya vigae inahitaji.

Sita, ikibaki rangi peke yake au harufu peke yake, nayo ni nzito kuondoka, inasamehewa.

Tutahadhari pia na wasiwasi. Mbwa mkavu akipita na kugusa nguo kavu, hakuna kinachonajisika. Na mbwa akionekana ametoka ndani, na hakuna mkojo wala kinyesi wala unyevu uliothibiti, nyumba inabaki katika tohara yake, kwani yakini haiondolewi na shaka.

KWA NINI FIMBO HUZIDISHA NAJISI

Tumesema kuwa mwenye kupiga huizidishia nyumba yake najisi. Tueleze sasa.

Mbwa hapambanui tohara na najisi. Yeye anajua harufu, mazoea na kinachofuatia kitendo chake. Mtu anaporudi jioni akakuta mkojo wa asubuhi, akampiga mbwa, mbwa hauambatanishi mpigo ule na mkojo wa asubuhi. Anachokipata ni kwamba bwana wake akirudi huwa ni hatari. Na akipigwa wakati anakojoa, funzo analolipata ni kuwa kukojoa mbele ya mtu ni hatari. Kuanzia siku hiyo atatafuta mahali pa siri: nyuma ya kabati, chini ya kitanda, pembeni mwa zulia. Hata akitolewa nje na mtu, atajizuia, kisha akirudi ndani ajifiche na kumaliza haja yake. Uso wa kujikunja unaoonekana kama kukiri kosa ni woga tu wa sauti na sura ya bwana wake. Tena wako mbwa, hasa wadogo na majike, ambao kukemewa kwenyewe huwafanya waachie mkojo papo hapo kwa kunyenyekea.

Sasa rudi katika fiqhi. Najisi ikijulikana mahali pake, huoshwa mahali pale tu, na ukisali upande mwingine wa busati ulio tohara, sala yako ni sahihi. Lakini ukiwa na yakini kuwa busati au chumba kimepatwa na najisi na mahali pake hapajulikani, madhehebu yetu yanataka uoshe chote. Tazama basi: mbwa aliyekuwa akikojoa katikati ya ukumbi, ukapaona na ukapaosha, umemfundisha kwa fimbo akojoe mafichoni, na sasa umejilazimisha kuosha zulia zima mara 7 au kusali juu ya najisi bila kujua. Hasira ya dakika moja imekuletea mashaka ya mwezi.

Katika sunna tunao uongozi ulio wazi. Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kisa cha bedui aliyekojoa msikitini. Masahaba walimwinukia, Mtume (s.a.w.) akawazuia wasimkatize. Alipomaliza, likaletwa ndoo la maji likamiminwa, kisha akamwita akamfahamisha kwa upole kuwa misikiti haifai kwa hayo. Wanazuoni wametaja hekima ya kutomkatiza: angedhurika kwa kuuzuia mkojo, na angeinuka akikimbia, najisi ikaenea nguoni mwake na mahali pengi msikitini. Anayemkimbiza mbwa kwa fimbo huku mkojo unatiririka ameyafanya hasa yaliyokatazwa. Na kama huo ndio upole kwa mwanadamu mwenye akili, basi mnyama asiyeandikiwa kalamu ni aula zaidi. Bibi Aisha (r.a.) alipompanda ngamia mkaidi akawa anamvuta huku na huku, Mtume (s.a.w.) alimwamrisha upole. Na ama kumpiga mnyama usoni, Jabir (r.a.) amepokea katazo lake katika Sahihi Muslim. Wanaomsugua mbwa pua na kumpiga puani wazingatie.

MBWA NI MNYAMA ANAYEFUNDISHIKA

Katika Suratul Maida, aya ya 4, Allah (S.W.) Amehalalisha kiwindo cha wanyama waliofundishwa, Akaeleza kuwa watu huwafundisha wanyama hao kutokana na yale Aliyowafundisha Yeye. Kumfundisha mbwa, basi, ni elimu iliyonasibishwa na mafundisho ya Allah, na haistahiki kudharauliwa. Waislamu waliotangulia waliijua vyema. Usama bin Munqidh (aliyefariki mwaka 584 Hijria, sawa na 1188) ameeleza katika Kitabul I'tibar mawindo ya baba yake huko Shaizar, Sham, na namna walivyowatunza mbwa na vipanga wao.

Mafuqaha nao wameweka sharti za mbwa kuitwa mu'allam, yaani aliyefundishwa: aende anapotumwa, azuilike anapokatazwa, na akikamata kiwindo asikile. Kisha wakaongeza sharti ambalo ndilo ufunguo wa mlango wetu: mambo hayo yakariri mpaka idhaniwe kwa nguvu kuwa mnyama ameadibika. Katika madhehebu yetu hakuna idadi maalumu, bali hurejewa wenye ujuzi wa mambo hayo. Maimamu Abu Yusuf na Muhammad wa madhehebu ya Hanafi wamesema mara 3.

Wakauliza zaidi: mbwa aliyekwisha kuwa mu'allam, siku moja akala kiwindo, hukumu yake nini? Imam Nawawi katika Minhaj amejibu kuwa kiwindo kile hakihalaliki kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, na itahitajika afundishwe upya. Hilo ndilo jibu la fiqhi kwa mnyama aliyerudi nyuma. Fimbo haikutajwa hapo. Tukikisia juu ya jambo letu: mbwa aliyekaa wiki mbili bila kuchafua kisha akachafua, arejeshwe katika mafunzo.

NAMNA YA KUMFUNDISHA

Yafuatayo ndiyo yanayotegemewa na wajuzi wa mbwa, nasi tumeyaambatanisha na adabu za tohara.

1. Chagua mahali pamoja pa haja. Pawe uani, kwenye udongo au mchanga, mbali na kisima, na mbali na njia ya wapita njia na waendao msikitini. Mpeleke hapohapo kila mara, kwa kuwa harufu ya awali humkumbusha.

2. Jua nyakati zake. Mtoto wa mbwa huhitaji haja akiamka tu, muda mfupi baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Kwa kukadiria, huweza kujizuia saa moja hivi kwa kila mwezi wa umri wake. Wa miezi 2, basi, atolewe kila baada ya saa 2, na usiku mara moja au mbili. Wengi huanza kudhibiti vyema wakifika miezi 4 hadi 6, na wengine huchelewa. Anayemtaka mbwa wa miezi 2 ajizuie usiku kucha anamtaka asichokiweza.

3. Mlishe kwa nyakati maalumu na uondoe masazo. Anayekula kwa saa huenda haja kwa saa. Anayetupiwa makombo kutwa nzima haja yake haina wakati. Maji ya kunywa asinyimwe.

4. Mtoe kwa kamba, simama naye, usimharakishe. Tumia neno moja lisilobadilika, watu wote wa nyumbani walitumie hilohilo.

5. Akimaliza tu, palepale, mpe kipande cha chakula na sauti ya upole. Ukichelewa mpaka mmerudi mlangoni, ataona ametuzwa kwa kurudi mlangoni. Na kwa kuwa mate yake ni najisi kwetu, usimlishe kwa kiganja. Kitupe kipande mbele yake au tumia kijiti.

6. Ukimwona anazunguka na kunusanusa ardhi ndani, au ameanza kuchutama, piga kofi moja jepesi la kumzindua, mtoe nje, na akimalizia huko mtuze. Ukikuta amekwisha kufanya, usimwambie kitu. Toharisha tu.

7. Iondoe harufu kabisa. Pua ya mbwa hupata isichokipata pua yako, na mahali palipobaki harufu ya mkojo yeye hupaona choo. Kabla ya maosho 7 pasuguliwe kwa sabuni, na siki iliyotiwa maji husaidia. Dawa za kusafishia zenye amonia ziepukwe, kwani hukaribiana na harufu ya mkojo. Hapa utaona hikima: tohara iliyo kamili ni nusu ya mafunzo.

8. Banda lake liwe safi. Mbwa kwa maumbile hachafui anapolala akiwa na nafasi ya kutoka. Aliyefungwa mnyororo mfupi kutwa kucha hulazimika kulala juu ya uchafu wake, mpaka lile umbile jema likamtoka, na mbwa wa namna hiyo ndiye mgumu kuliko wote kumfundisha.

AKIENDELEA KUCHAFUA

Mbwa mzima aliyekuwa na adabu akaanza ghafla kukojoa ndani, tufikirie maradhi kabla ya ukaidi. Yako maradhi ya njia ya mkojo, ya figo na ya kisukari, ambayo humkojoza bila hiari, na minyoo au chakula kibovu humharisha. Uzee nao hulegeza. Apelekwe kwa daktari wa mifugo, na hapo hapo apewe dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Mayai ya minyoo ya mbwa yaliyomo katika kinyesi huwadhuru watoto wanaochezea mchanga, kwa hiyo kinyesi cha uani nacho kizolewe kila siku na kufukiwa.

Dume akiinua mguu na kuacha mkojo kidogo kidogo kwenye kuta na miguu ya viti, huyo anaweka alama ya mipaka yake. Madaktari hushauri kumhasi, na mara nyingi tabia hupungua. Lakini Imam Nawawi ameeleza kuwa kumhasi mnyama asiyeliwa hakujuzu katika madhehebu yetu, na Mahanafi wameruhusu kuhasi wanyama penye manufaa. Mwenye kufikwa na hali hii amuulize mwanachuoni wake kabla ya kufanya. Kumzuia asiingie ndani kunatosha kwa walio wengi.

HAKI YA MNYAMA ALIYE MIKONONI MWAKO

Imam Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262) ameorodhesha haki za wanyama juu ya wanadamu. Ametaja kuwalisha hata wakikongoka au wakiugua wasiwe na manufaa tena, kutowabebesha wasiyoyaweza, na kuwatengeneza vizuri mahali pao pa kulala. Aliyemleta mbwa kwa haja yake, akamfunga asiweze kujitafutia, haki hizo zimemlazimu. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ale vya ardhini, na hadithi ya yule aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kumtia mbwa guniani na kumtupa mahali asipopajua, kwa kosa ambalo hakufundishwa kuliacha, kuko karibu na ile hadithi ya kwanza.

Na kwamba mafunzo haya yanawezekana, ushahidi upo. Mbwa waongozao vipofu hufundishwa kwenda haja kwa amri, mahali na wakati anaotaka bwana wao. Mwaka 2008, katika mji wa Leicester, Uingereza, msikiti mmoja ulimkubalia kijana Muislamu asiyeona afike na mbwa wake wa kumwongoza, baada ya wanazuoni wa huko kutoa fatwa, na mbwa akatengewa mahali pake penye maingilio, si ndani ya sehemu ya kusalia. Mnyama aliyefundishwa alimfikisha mja kwenye sala ya jamaa, naye akabaki mlangoni, kama yule wa pangoni.

HITIMISHO

Ndugu zetu maimamu, tunawaomba wanaposomesha mlango wa najisi wasiishie kwenye idadi ya maosho. Wawaambie watu pia wajenge banda, washike nyakati, waondoe harufu, na waweke fimbo chini. Na kwa kila mwenye mbwa: anza leo kwa kulijua busati lako. Kama una yakini ya najisi usiyoijua mahali pake, lioshe lote, kisha anza mafunzo upya kwa subira ya siku nyingi. Aliyemfundisha mbwa wake adabu amehifadhi sala ya watu wa nyumba yake, na amesalimika na dhulma ya kiumbe kisichoweza kujitetea.

Tunamuomba Allah (S.W.) Azitoharishe nyumba zetu na nyoyo zetu, na Atujaalie kuwa wenye huruma kwa kila Alichotuwekea chini ya mikono yetu. Amin.

Wallahu a'lam.